Mkaguzi Aliyesema Bado

Nianze na neno lake, maana ndilo lililonitoa roho: bado. Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku ameangalia pembeni, anatafuta kiatu chake chini ya meza au anapuliza chai, kama mtu aliyeulizwa kama mvua imeanza. "Bado, mwanangu." Ukimwuliza kwa nini, anakujibu kwamba lau angejua kwa nini asingesema bado, angesema kosa liko hapa. Sasa mtu ufanye nini na jibu kama hilo? Mimi nina mama nyuma ya Kinango, na kiangazi hiki mama huyo alikuwa akinywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe, akingojea neno moja kutoka kwa mwanamke huyu. Nimeshajifungia chooni nikalia, na mimi si mtu wa kulialia.

Karakanani tulimwita Mkaguzi, mbele yake na nyuma yake. Vijijini walimwita Bi Bado, nyuma yake tu. Karakana yetu iko Ukunda, nyuma ya duka la mabati, na kazi yetu ni visanduku vya kuendeshea pampu za visima, zile zinazotumia jua. Ndani ya kila kisanduku mna programu, na kile kipande cha programu kinachozungumza na pampu yenyewe, kinachoiambia sasa vuta, sasa simama, maji yamekwisha utaungua, tunakiita draiva. Draiva mpya ikiandikwa hukaa pembeni, kwenye tawi. Ikikubaliwa inaunganishwa na shina, na kitu kikishaingia kwenye shina kinasafiri chenyewe kwa mtandao wa simu mpaka kwenye kila kisanduku, tangu Lunga Lunga hadi kule kwetu. Kisanduku hakipokei programu nyingine isipokuwa ya shina. Alitaka hivyo mwenyewe, asije akatokea mjanja akajifungia ya kwake kienyeji. Na ruhusa ya kuunganisha alikuwa nayo mtu mmoja tu, mnamjua.

Kanuni yake ilikuwa hii: kitu kipya hukaa eda. Mara ya kwanza kumsikia nilidhani anatania. "Mwanamke ameachwa leo," akasema, "kesho yuko vilevile, tumbo bapa, uso mkavu. Mbona haolewi kesho? Kwa sababu macho yako na macho yangu hayaoni kilichomo. Inangojwa. Na hii draiva yako ina tumbo vilevile." Mwenzetu mmoja kutoka bara, hodari sana wa kazi, alikuwa hana habari na eda wala na adabu. Akamwambia, "Madam, hii kitu iko fiti, tuiachilie tu." Mkaguzi akamtazama kwa huruma. "Fiti ni suruali, baba. Na suruali nayo uivae uiname kwanza."

Basi draiva inawekwa kwenye meza ya majaribio, imefungwa kwenye pampu ndogo na tangi la maji, nayo inaendeshwa mchana kutwa, wiki baada ya wiki. Kila mtu anaendelea na shughuli zake. Mkaguzi anapita, anaomba sukari, na mkono wake mwingine unachomoa waya wa umeme. Pampu inakufa. Anaurudisha. Anauchomoa tena kabla pampu haijapata akili. Ukipiga kelele anasema, "Wingu halipigi hodi." Alikuwa akigusa bomba kwa kiganja, kama anavyoguswa mtoto mwenye homa, kisha anakuuliza swali lake: "Imekosea wapi?" Ukimjibu kwa furaha kwamba haijakosea popote, umekwisha. "Basi hujaijua bado. Kaa nayo."

Msidhani alikuwa mtu wa subira. Lo! Mama huyu alikuwa na pupa ya ajabu. Viazi karai vinatolewa kwenye mafuta, yeye ameshatia kimoja mdomoni, machozi yanamtoka, anatafuta maji. Akipanda bodaboda kutoka kwake Msambweni, anampiga bega mwenye pikipiki njia nzima: "Kanyaga, baba, kanyaga, au tumebeba mayai?" Barabara ya Ukunda aliivuka bila kuangalia, buibui linapepea, magari yanampigia honi, naye anayapungia mkono. Ukimsimulia kisa, anakukatiza katikati, anataka mwisho wake.

Siku moja nilimtupia methali nikidhani itampendeza: haraka haraka haina baraka. Akanikunjia uso. "Hiyo ni methali ya wavivu. Mimi nina haraka, mwanangu. Ndiyo maana sitaki kazi ya kurudia."

Hata mumewe alimpata kwa pupa. Alikuwa mpishi wa hoteli moja ya Galu, mtu mnene, mcheshi, ambaye kila Ijumaa alitupitishia bakuli la wali wa nazi na samaki. Akishaketi, lazima atusimulie posa yake. Wazee wamekwenda kuposa, hata kahawa hawajaimaliza, msemaji hajafika kwenye neno lenyewe, sauti ya msichana inasikika kutoka ndani: nimekubali! "Jamani, nyinyi mnakaa eda," alisema akijipiga kifua. "Mimi aliniunganisha bila majaribio!" Sisi hoi kwa kucheka. Mkaguzi anajifunika uso kwa ushungi, anacheka naye. "Wewe nilikuona mzima," anamjibu. "Kitu kizima kinajulikana." Nami moyoni nasema, ala, kumbe kipo kinachojulikana!

Nilimchukia, nisiwafiche. Kuna wakati wazee wa kijiji kimoja cha vilimani walikuja mpaka karakanani, kisima chao kimesimama, wakakaa mlangoni kwetu na vumbi la safari. Aliwaletea soda. Aliketi nao chini. Wakamweleza habari ya watoto na mifugo, akalia nao, machozi ya kweli, akamshika mkono yule mzee zaidi. Kisha akawaambia bado. Hao ndio waliompa jina lile la Bi Bado, na sikuwalaumu. Hapo Galu kuna hoteli zinamwagilia nyasi asubuhi na jioni, nyasi, jamani, halafu mtu analia na wewe na maji hakupi. Ni kweli kwamba sikumbuki pampu hata moja iliyoungua kwa draiva aliyoipitisha. Lakini mwenye duka lililofungwa naye anaweza kujisifu kwamba hajawahi kumpunja mteja.

Tena alikuwa mwepesi wa kupenda watu, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kisanduku cha kijijini kwetu alikwenda kukifunga mwenyewe, zamani kidogo, mimi nikimsaidia, tukakaribishwa nyumbani kwa mamangu. Mama akampikia chai. Mkaguzi akapiga funda moja, kwa pupa kama kawaida yake, akashtuka. "Bibi, umekosea kopo. Umetia chumvi." Mamangu uso ukamshuka. Nikamwambia Mkaguzi pole pole kwamba si kopo, ni maji. Maji ya kwetu ndivyo yalivyo, ya chumvichumvi. Sabuni haitoi povu, masufuria yanafanya ukoko mweupe, na mtu aliyezaliwa huko chai ya mjini inamchusha. Masikini, aliona haya! Alikunywa kikombe chote, akaomba cha pili, akakimaliza nacho, huku anamsifu mama kwa tangawizi. Tangu siku hiyo, nikimletea kazi mbovu, ananiambia, "Wewe Mduruma, nenda kanywe chai ya kwa mamako upate akili."

Kisanduku hicho ndicho kilichokufa kiangazi hiki. Kilikuwa cha zamani, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Vilikuja visanduku vya aina mpya. Vile vya zamani vilijua habari ya maji kwa boya linaloelea. Hivi vipya vina vyuma viwili vyembamba vinavyoteremshwa kisimani. Maji yakivigusa vyote viwili, umeme kidogo unapita kutoka chuma hadi chuma, kisanduku kinajua maji yapo. Maji yakishuka, umeme unakatika, pampu inasimama. Kisanduku kipya kilitaka draiva mpya, nami nikaiandika. Niliiandika kama mtu anayechimba kisima kwa kucha zake. Kijijini kisima kimefungwa kwa chuma, pampu imekaa ndani yake, huwezi hata kuteremsha kopo. Watu wamerudi kwenye lambo. Mamangu akaanza kuharisha. Kila nikipiga simu sauti yake imepungua, naye ananiambia hajambo, na jirani ananyakua simu ananiambia anakudanganya huyo, jana ameanguka njiani na ndoo.

Draiva ikawekwa mezani. Ikafanya kazi. Tangi likijaa, inavuta. Tangi likishuka, inasimama. Nilichomoa waya mwenyewe, mara nyingi, kwa hasira, nikimwigiza yeye. Haikukosea. Nikasema safari hii lazima Mkaguzi aseme ndiyo, hata kwa kushikiwa panga.

Hakuja kuiona. Mumewe alifariki kazini Galu, ghafla, nasi tulikwenda kuzika Msambweni, na Mkaguzi akaingia eda yake mwenyewe. Miezi minne na siku kumi, hatoki.

Nifanye nini? Mama anaharisha. Nilifanya jambo ambalo hata sasa likinijia najikuna kichwa. Nilikwenda kwa shehe, mimi wa kanisani, nikamwuliza kama mwanamke aliye edani anaweza kutoka kwenda kukagua pampu. Shehe akanitazama sana. Akaniuliza, ni mamako? Nikasema hapana, ni mkaguzi wangu. Akacheka kidogo, kisha akanijibu kwa upole kwamba mwenye haja ya kweli hutoka mchana akarudi kulala kwake, na kwamba maji ya watu ni haja. Nikamshukuru, nikashika njia ya Msambweni na fatuwa yangu mkononi kama mtu aliyeshinda kesi.

Dada yake alinikaribisha barazani, akanitandikia mkeka. Mlangoni mlikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alikuwa yeye.

"Shikamoo, Mkaguzi. Makiwa."

"Marahaba. Tunayo, mwanangu. Karibu."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa polepole. Nikamweleza habari ya mama, ya lambo, ya shehe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Shehe amesema naweza kutoka," akajibu. "Ahsante yake. Hakusema kwamba miguu inataka."

Nikamwomba basi asome tu. Dada yake akaipokea kompyuta yangu, akaiingiza chini ya pazia. Kuku wanapekua uani. Nilikaa pale nikiutazama ukingo wa pazia, nikiomba kwa dini zote mbili.

"Nimesoma," akasema hatimaye. "Sioni kosa."

"Basi iunganishe, Mkaguzi! Sasa hivi!"

"Hata yule sikumwona kosa." Nikamsikia anafunga kompyuta. "Asubuhi ile alikunywa uji, akanung'unika mahamri ni machache. Akavaa shati la kazi, akanigeukia, akaniuliza, nikoje? Nikamwambia, buheri wa afya. Adhuhuri wakaniletea maiti. Mtu niliyelala naye miaka yote ile, mwanangu. Nilimwangalia kwa macho haya haya unayotaka yasome draiva."

Nilikuwa na la kumwomba, basi. Nilipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya pazia, mbele ya dada yake, sijali. Nikamwambia mamangu atakufa. Nikamwambia ulikunywa chai yake vikombe viwili.

"Najua."

"Basi niokoe!"

"Ukiniachia mimi, nitasema bado mpaka Kiyama. Zamani nilikuwa nangoja. Sasa naogopa tu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mkaguzi mwenye hofu ni kufuli, na funguo zimeanguka chooni." Nikasikia vidole vyake kwenye simu. "Haya. Nimeandika jina lako mahali pa langu. Ruhusa ni yako. Utakaloliamua ndilo."

Kompyuta ikarudi kwa chini ya pazia. Niliikumbatia. Wallahi, nusura nicheke. Miaka ile yote ya kuomba, leo nimepewa shina lote, naweza kuunganisha nikiwa nimekaa hapo hapo barazani! Nilimshukuru, nikaaga, nikawa nimeshasimama natafuta viatu, aliponiita tena.

"We Mduruma. Chai ya kwa mamako bado ina chumvi?"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Siku hizi haina, Mkaguzi. Anapikia maji ya lambo. Ina ladha ya ng'ombe."

"Ah," akasema. "Haya, nisalimie."

Sikufika mbali. Nilikuwa naelekea barabarani, mkono uko kwenye kompyuta, nikasimama katikati ya njia na watu wananipita. Tangi letu la majaribio Ukunda tunalijaza kwa mpira, kutoka bombani. Maji ya bomba, matamu, yanayotoa povu. Na chumvi majini hubeba umeme kuliko maji matamu. Draiva yangu ilikuwa imesoma vyuma viwili ndani ya maji ya watu wengine. Mimi niliyeogeshwa kwa maji ya chumvi tangu kuzaliwa, miaka michache tu ya mjini ilinitosha kuyasahau. Sijui kama Mkaguzi alilijua hilo au alikuwa anamkumbuka tu mamangu. Mpaka leo sijathubutu kumwuliza.

Huwezi kutengeneza maji ya kwetu kwa kumwaga chumvi ya jikoni ukakisia. Nilitaka yenyewe. Na yenyewe yalibaki mahali pamoja tu.

Nilipanda Kwale, nikapita, nikashukia Kinango na kuendelea. Mama nilimkuta amelala mchana, jambo ambalo sijapata kuliona. Amekonda, shingo imekuwa ya mtoto. Chini ya kitanda chake palikuwa na dumu moja la maji ya kisima, alilolijaza kabla pampu haijasimama, akalifunika gunia. Hayo ndiyo aliyokuwa akimezea dawa. Alinipokea kwa furaha, akajaribu kuinuka.

"Umetuletea maji, mwanangu?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, vyuma viwili, tangi, chumvi. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Nimemtuma mtoto akaniletee maji," akasema taratibu, "amerudi kuchukua niliyonayo."

Alikaa kitandani, akalivuta dumu mwenyewe, akafunga mdomo wake kwa karatasi ya nailoni na kamba, akakaza fundo kwa meno. "Usimwage," akasema.

Ukunda niliyamimina kwenye tangi, taratibu, hata tone halikuanguka. Nikateremsha vyuma viwili. Nikawasha. Pampu ikavuta, maji yakashuka yakaingia kwenye ndoo, yakashuka tena, vyuma vikatoka majini, vitupu, na utando wa unyevu wa chumvi unang'aa katikati yake. Nikaangalia kwenye kioo cha kompyuta. Draiva yangu ikasema maji yapo. Tangi tupu, pampu inavuta upepo, inatoa ule mlio mkavu wa kukwaruza unaokuja kabla ya kuungua, na draiva yangu inasema maji yapo, vuta, maji yapo. Nikachomoa waya. Nikayarudisha maji, nikajaribu tena, kisha tena, nikimwomba Mungu nione tofauti. Hakuna. Ule unyevu tu ulitosha kuidanganya. Ningeunganisha pale barazani, kila pampu yenye kisanduku kipya na maji ya chumvi ingekuwa imekufa, na ya mamangu ya kwanza.

Nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye meza, mama aliponipigia. Sauti ilikuwa na matumaini. Jirani amemwambia kwamba mimi sasa ndiye mkubwa.

"Wamekuruhusu kweli?"

"Wameniruhusu, mama."

"Alaa! Sasa maji lini?"

Nikageuza uso pembeni. Kiatu changu kimoja kilikuwa kimeingia chini ya meza, nikawa nakitafuta kwa mkono.

"Bado, mama."

Nikasikia kitanda chake kinalia, anajigeuza.

"Basi nirudishie dumu langu," akasema.